Muuza Maziwa Aliyetembea Juu ya Mto

Mwezi uliopita nilishuka mjini Maji ya Chai kumsindikiza shangazi sokoni, nikajikuta mbele ya duka ambalo sasa linauza simu. Rafiki yangu, nilikosa utulivu palepale. Zamani mlango ule ulinukia samli, iliki na udi, na nyuma ya kaunta alikaa mama wa Kihindi niliyempelekea kidumu cha maziwa kila asubuhi kutoka kwa bibi, kule juu mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa chai kwanza, halafu shule."

Chai ile ilikuja na hadithi za dini yake, alizorithi kwa mama yake. Asubuhi moja ya masika, nikiwa na miaka tisa, alinisimulia habari za mwanamke maskini aliyekuwa akimpelekea kuhani maziwa ng'ambo ya mto. Mvua ikinyesha mto unajaa, naye anachelewa. Kuhani akamkemea: "Watu wanavuka bahari ya dunia kwa kutaja jina la Mungu, wewe kamto tu kanakushinda?" Mwanamke akaamini. Tangu siku hiyo akawa anataja jina la Mungu na kutembea juu ya maji. Hapo wateja wakaingia, nami nikakimbilia shule.

Kesho yake mto ulifunika daraja letu la magogo. Sisi ni Walutheri. Jina la Mungu nililijua vizuri. Nikalitaja, nikapandisha sketi ya shule isilowe, nikakanyaga maji.

Nakumbuka baridi, matope mdomoni, na mkono wa jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ukilidaka sweta langu.

Nilipomweleza bibi kwa nini niliingia mtoni, aliapa hakuna tone la maziwa litakaloshuka tena. "Imani gani hiyo ya kuua mtoto?"

Siku ya tatu mama wa dukani alipanda mlima kwa miguu, mvua ikimnyeshea, sari imejaa tope hadi magotini. Majirani walijaa kibarazani. Hakuna aliyempa kiti.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi. "Mtoto nilimsimulia nusu. Nimekuja kumalizia."

Akaeleza jinsi kuhani alivyotaka naye kuvuka, akashika nguo yake juu isilowe, akaanza kuzama. Mwanamke akamgeukia: "Unamtaja Mungu, na bado unaogopa kulowa?"

Nami, niliyekuwa nimekaa mlangoni na blanketi, nikajifunika uso mzima, kwa sababu ya ile sketi niliyoipandisha.

"Kuhani huyo ni mimi," alisema akilia. "Nimesimulia miaka yote, na mtoni sijawahi kutia hata mguu."

 Bibi akasogea kwenye benchi kumpisha. "Keti, mwanangu. Umelowa."

Maziwa yakaanza kushuka tena, ila kwa njia ndefu, ya daraja la barabarani.

Bibi ametangulia. Wenye duka walihama, wala sokoni hakuna anayejua walikoelekea. Kwa miaka nilijilaumu kwamba nilizama kwa uhaba wa imani; ukubwani nikamlaumu mama wa dukani; na mpaka leo moyo haujatua upande wowote. Ninachokiona wazi ni yule mama amesimama kibarazani petu, peke yake kati ya watu wenye hasira, bila kujua kama angepokelewa. Siku hizi tukikoseana tunatumiana ujumbe. Hakuna anayepanda mlima.