Alama ya Kujumlisha

Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nimekuwa mpangaji. Kosa lilikuwa langu. Aliniuliza siku moja ninafanya nini mbele ya ile mashini tangu asubuhi, nami nikamjibu bila kuinua kichwa, "Ninapanga dependansi, mama." Kwetu Butembo dependansi ni kile kijumba cha nyuma ya nyumba kubwa, kile cha mgeni au cha mpangaji asiye na mengi. Mama akashika kiuno. "Uko na chumba hapa kwa mama yako, unapanga dependansi ya nini? Umepata bibi?" Jumapili hiyohiyo, mlangoni mwa kanisa, mama wawili walinipa mkono wa pongezi.

Nilicheka siku ile. Siku hizi sicheki sana, wala silii. Niko tu.

Basi nieleze, usije na wewe ukanipongeza. Mtu anayetengeneza programu haandiki kila kitu mwenyewe. Kuna vipande vilivyokwisha kuandikwa na watu usiowajua, wa nchi ambazo hutazifikia: kipande cha kusoma tarehe, kipande cha kutunza orodha, kipande cha kutuma maneno kutoka simu mpaka ordinateri, yaani kompyuta. Vinaitwa maktaba, na wewe unaviazima. Ndani ya mradi kuna faili moja unamoandika unaazima nini na toleo la ngapi. Programu yako yote inategemea vipande hivyo, ndiyo maana tunaviita dependansi. Ukiandika namba kamili, utapewa toleo hilohilo hata miaka ipite. Ukiweka alama ya kujumlisha mahali pa namba, utapewa lolote jipya lililotoka, bila kuulizwa. Bendera hufuata upepo.

Mimi niliweka alama ya kujumlisha.

Kanisa letu lilikuwa linaandika watu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni. Kule Mulekera, kwenye mji wa Beni, mama shemasi mmoja alizunguka nyumba kwa nyumba na simu yake, akiandika nani amefika, ana umri gani, anatoka wapi. Mimi nilikaa kwenye biro, ofisi ya kanisa, Butembo na ordinateri, na wenye kutafuta ndugu zao walikuja kuniuliza. Mradi ulikuwa mmoja, programu mbili, na kila programu ina faili yake ya dependansi. Ile ya simu niliifungia namba kamili, kwa kuwa simu ya mama shemasi ilikuwa ya kizamani na ilikataa kila kitu kipya. Ile ya ordinateri niliiachia alama. Nitafute sababu ya maana? Haipo. Ni uvivu mtupu.

Mukubwa wangu, kaka aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa na shamba la kakao kupita Mulekera. Siku watu walipokimbia kule, waliofika walifika, yeye hakufika. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona mzima. Nilimwandika mimi mwenyewe kati ya wanaotafutwa, kwenye orodha hiyohiyo iliyofika pia kwenye simu ya mama shemasi: jina, umri, anatoka Butembo. Mwisho wa mstari programu ilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua, "bado" na "ameonekana". Maneno hayo niliyachagua mimi, kabla sijajua kwamba yatamhusu. Nikamwekea "bado".

Mama alikuja kila Jumamosi akitoka soko, na kikapu chake cha viazi vya Lubero mkononi. Hakuwa anakaa. Alisimama mlangoni, akaniita papa, kama kwetu mama anavyomwita kijana wake.

"Papa, angalia."

Naangalia. "Bado, mama."

"Basi. Mungu iko." Anaenda zake.

Jumamosi za kwanza moyo ulinidunda mpaka masikioni. Baadaye ukaacha. Hili naliona haya kulisema: nilikuwa naandika jina la ndugu yangu kwa vidole tu, kama mtu anayepiga kiberiti kilicholoa. Nilijua hakitawaka.

Sasa, habari ya majina. Sitayataja, ingawa mtu wa kwetu atayajua bila kutajiwa. Kwetu sisi Wanande jina linamngoja mtoto kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana vilevile. Simama katikati ya soko la Butembo uite jina la mvulana wa pili, utaona vichwa vitakavyogeuka, utajuta kuita. Mukubwa wangu alikuwa wa pili. Juu ya jina hilo alikuwa na lile la ubatizo, ambalo nalo limejaa kanisa hili na kanisa lile. Mimi ni wa tatu. Jina langu halielezi kitu juu yangu, linasema tu kwamba wawili walinitangulia.

Jumatatu moja mtandao ulikuwa mzuri tangu asubuhi, nikajenga upya programu ya ordinateri. Unajua kwa nini? Kwa rangi ya kifungo. Kifungo cha kutafuta kilikuwa na rangi ya kijivu, wazee hawakukiona vizuri, nikataka kukiweka buluu. Wakati wa kujenga, ile alama ikaenda ikaleta toleo jipya la maktaba ya kutunza orodha. Toleo la zamani, likikuta mistari miwili yenye majina sawa na umri unaokaribiana, lilikuwa linauliza: huyu ni mtu mmoja? Jipya halikuuliza. Lilichukua mistari miwili likafanya mmoja, likabakiza mahali alikotoka yule wa kwanza na habari ya yule wa mwisho. Aliyeliandika labda ni mtu wa mahali ambapo jina moja ni mtu mmoja. Simlaumu. Lakini mimi? Mnande mzima, mtoto wa tatu wa mama yangu, nikasahau majina yetu yalivyo!

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Jumatatu ile niliona kifungo kimekuwa buluu, nikaridhika, nikafunga biro.

Jumanne akaja mama mmoja kutoka Musienene, muuza maharage. Mavumbi ya njia yalikuwa bado kwenye kikwembe chake. Alikuwa anamtafuta kijana wake aliyekwenda kufanya kazi upande wa Beni. Akasema jina. Wa pili, naye. Nikaandika jina, nikaandika Musienene, nikabonyeza kifungo changu kizuri.

"Haiko, mama."

"Angalia tena, papa. Tafazali."

Sikuangalia tena. Nilibonyezabonyeza kitu chochote ili vidole vionekane vinafanya kazi, nikarudia, "Haiko." Akaniambia "Wasingya", maana yake asante kwa Kinande, akatoka. Yaani alinishukuru.

Jumamosi mama yangu akasimama mlangoni. "Papa, angalia." Nikaangalia. Mstari wa mukubwa wangu ulikuwa pale, jina lake, Butembo, na mwisho wake: ameonekana, Mulekera. Nilisoma mara tatu.

"Mama, ameonekana."

Kikapu kikaanguka. "Ee Nyamuhanga! Ee Nyamuhanga wangu!" Alimwita Mungu kwa Kinande, akapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Mimi nilipiga magoti nikaanza kuokota viazi vilivyoingia chini ya meza. Nilikuwa naingoja furaha ije, na ilikuwa haiji. Nikasema moyoni, labda itanikuta Beni.

Nilitaka kumpigia kwanza mama shemasi. Mama alikataa kabisa. "Hapana piga. Tutaenda, tutamukuta na mesho yetu." Siku nzima ya Jumapili alikuwa jikoni na kwenye pasi. Jumatatu asubuhi tukapanda taksi ya Beni, yeye amepakata kuku mzima aliyepikwa kwenye sufuria, bugali umefungwa kwenye majani ya ndizi, na juu yake shati jeupe la mukubwa wangu, lile la kanisani. Njia nzima alikuwa ameshika sufuria kwa mikono miwili, hata pale ambapo njia ni nzuri.

Mama shemasi alitupokea uani kwake. Alipomsikia mama akiuliza kijana wake yuko nyumba gani, uso wake ulibadilika. "Wenu? Ule wa Butembo?" Akafungua simu, akatuonyesha. Mistari ilikuwa miwili. Jina hilo, Musienene, ameonekana. Jina hilo, Butembo, bado.

"Beko babili," akasema polepole. "Tangu mwanzo beko babili."

Nikajua palepale. Sikuhitaji kufungua faili. Nilipaswa kuanguka chini, au kupiga kelele, au kitu. Nilisimama tu nikiangalia kuku wa mama shemasi wakidonoa.

Wakati huo kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuitwa. Akaja, mwembamba, fulana imechanika begani, akainama kidogo akasalimu kwa Kinande. "Wabukire, mama."

Mama yangu alimtazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Uko wa ngapi kwenu?"

"Wa pili, mama."

"Na mama yako?"

"Iko Musienene. Sijui kama anajua niko muzima. Telefone ilibakia ku njia."

Mama akakaa kwenye kiti kidogo, akafungua sufuria. "Kula," akamwambia. Kijana akaniangalia mimi, akamwangalia shemasi, akanawa, akala. Alimmaliza yule kuku, na mama hakuondoa macho mpaka mfupa wa mwisho. Halafu akachukua lile shati, akalipima kwenye mabega ya kijana. Lilimtosha. Akalikunja tena vizuri, akaliweka mapajani.

"Hii iko na mwenyewe," akasema.

Kwenye taksi ya kurudi nilimwambia. "Mama, ni mimi. Mashini haikukosea yenyewe. Ni kitu nilichoandika mimi." Nilimweleza kadiri nilivyoweza: maktaba, toleo jipya, alama, mistari miwili ikawa mmoja.

"Ni ile dependansi ulikuwa unapanga?"

"Ndiyo, mama. Ni ile."

"Donc uliingiza bapangaji babili mu chumba kimoja."

Tangu nianze kazi hii, hakuna aliyeielewa vizuri kuliko hivyo.

Kesho yake nilifungua ile faili. Nilifuta alama ya kujumlisha, nikaandika namba kamili, ile ya zamani, sawa na ya simu. Nikajenga upya. Kilichobaki kilikuwa kuomba orodha yote upya kutoka Mulekera ili iandikwe juu ya ile iliyoharibika. Ni kubonyeza mara moja. Kwenye kioo mukubwa wangu alikuwa bado ameonekana. Nikibonyeza, yule mama wa maharage atapata mtoto wake, na mimi, kwa kidole changu, nitamwondoa ndugu yangu kati ya wazima. Nilikaa. Nikajiambia kwamba ninangojea mtandao, na mtandao ulikuwepo.

Haikuwa Jumamosi, lakini mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Bonyeza, papa."

Nikabonyeza. Mistari ikaachana, mmoja Musienene, mwingine Butembo. Bado. Hapo ndipo niliposikia kitu, mara ya kwanza tangu watu wakimbie kule, na kiliniuma sana. Nilisema kwa sauti, "Mama, inaniuma." Akaja mpaka mezani, akaweka kidole juu ya kioo, juu ya jina.

"Njo yeye?"

"Ndiyo yeye."

"Hapana muchanganya tena na batoto ya benyewe." Akafuta kioo kwa pindo la kikwembe, mahali kidole chake kilipokuwa kimeacha alama.

Siku ya soko nilipanda pikipiki kwenda Musienene kumtafuta yule mama. Nilitaka kwenda peke yangu, nimeze aibu yangu peke yangu. Mama alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya mwendeshaji kabla sijamaliza kusema.

Tulimkuta nyuma ya mafungu yake ya maharage. Alinitambua upesi. "Aa, papa wa mashini!" Nikafungua mdomo nimwombe msamaha. Mama akanipita, akachuchumaa mbele yake kama mnunuzi.

"Mama, mutoto yako iko Mulekera. Muzima. Mashini ilikudanganya, mutoto yangu huyu njo aliiharibu, atakuomba pardon. Lakini mimi nimemuona wako na mesho yangu. Nimemupatia kuku, akakula."

Yule mama aliacha kopo la kupimia likaanguka ndani ya maharage. Alishika magoti ya mama yangu, akalia, akacheka, akaita majina ya Mungu yote anayoyajua kwa Kinande na kwa Kiswahili. Wauzaji wengine wakasogea. Mimi nilisimama nyuma nikishika kofia ya pikipiki. Alipotulia, akajipangusa uso, akamwangalia mama vizuri.

"Na wewe, mama, ulikuwa unatafuta nani kule mupaka unabeba kuku?"

"Wa pili wangu," mama akasema. "Kuku ilikuwa yake. Lakini wako alikula muzuri. Hakubakisha."