Kumwaga Kijiko cha Kwanza

Kinywaji changu kilirudishwa Jumamosi mbili mfululizo, na mgeni yule yule. Mara ya pili meneja alikileta mwenyewe kaunta, akaiweka glasi mbele yangu taratibu, akasema, "Ndugu, kikirudi tena Jumamosi ijayo, na wewe utarudi kufua mashuka."

Alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye mashuka miezi minne tu kabla ya hapo, na kaunta ile nilikuwa nimeipenda kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu yeyote. Asubuhi nilikuwa nafika kabla ya wapishi ili nipange chupa, majina yote yatazame mbele. Kama moja imegeuka kidogo, siwezi kufanya kazi nyingine.

Hoteli yetu ilikuwa Mikumi, ukingoni mwa mbuga. Mashamba ya mkonge ya Kilosa yalikuwa yametaifishwa, klabu ya wenye mashamba ikafungwa, na vinywaji vilivyobaki vikaletwa kwetu kwenye makreti, kwa kuwa hoteli nayo ilikuwa ya umma. Ndani ya kreti moja kulikuwa na kitabu cha kokteli kisicho na jalada, kichupa cha matone machungu kilichofungwa karatasi, na chupa moja ya kijani ya absinthi, yaani pombe ya pakanga. Vitu kama hivyo havikuwa vinaingia nchini tena. Vikiisha, vimeisha.

Mtu wa kaunta aliyenitangulia alistaafu akarudi kwao Mamboya kulima maharage. Hakunifundisha kitu. Nilijifunza kwenye kitabu kile, kamusi pembeni, na hapa lazima niseme ukweli: sikuwahi kunywa hata tone. Kwetu ni Kilosa, nyumba ya watu wa kusali, na shangazi aliyenilea alidhani kazi yangu ni kuosha vikombe. Vinywaji nilivijua kwa pua. Ladha nilikuwa naisoma kwenye nyuso za wanywaji.

Matone machungu nilikuwa nimeyaelewa haraka. Ni mizizi, magome ya miti na maganda ya machungwa yaliyolowekwa kwenye pombe kali mpaka yakatoa ukali wake wote. Hayanywewi peke yake. Yanafanya kazi kama chumvi kwenye mboga: yakikosekana, utamu na ukali wa pombe kila kimoja kinakwenda njia yake. Absinthi ilinishinda. Chupani inang'aa, ukiitia maji inageuka kama maziwa, na harufu yake, kama peremende na majani yaliyopondwa, inakaa kwenye vidole siku nzima.

Mgeni wangu alikuwa Mgiriki mzee, fundi wa mitambo ya mkonge ambaye hakuondoka wenzake walipoondoka. Kila Jumamosi alasiri alikuja kutoka Kilosa na kuagiza kile kile: wiski, sukari kidogo, matone machungu manne, harufu ya ganda la limau, kwenye glasi iliyosuuzwa kwa absinthi. Kitabu kilieleza vizuri. Tia kijiko cha absinthi kwenye glasi, izungushe mpaka kuta zote zilowe, kisha mwaga.

Nilisoma, nikaelewa, nikakataa. Sukari tulikuwa tunaipangia foleni, sabuni tunakata vipande. Nimwage kijiko kizima cha kitu ambacho hakitapatikana tena? Nilijiambia wale mabwana wa klabu walikuwa wakimwaga kwa sababu walikuwa nacho cha kumwaga. Kwa hiyo nilizungusha glasi vizuri sana, nikaiacha absinthi ndani, nikamimina wiski juu yake. Niliona nimewapita wenye kitabu.

Kiliporudi mara ya kwanza, niliyashuku matone. Wiki nzima niliyapima kwa kidondoshi cha dawa ya macho nilichoomba zahanati. Mhudumu wa mezani, mtu mzima mwenye maneno mengi, alisimama akiniangalia nadondosha moja, mbili, tatu, nimekodoa macho.

"Daktari," akasema, "mgonjwa atapona kweli?"

"Niache kaka, utanichanganya hesabu."

"Dozi ya watoto au ya wakubwa?"

Nikapunguza yakawa matatu. Jumamosi ya pili alirudi na trei tupu, mdomo umempinda kwa kicheko anachokizuia. "Daktari, mgonjwa amekataa dawa. Anasema inanuka kama ghala la duka la dawa." Baada yake ndipo meneja akaja na habari ya mashuka.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilipanda treni ya Kilosa na kitabu kwenye mfuko wa kitambaa, nikisoma ukurasa ule ule mpaka herufi zikaacha kuwa na maana. Nilipofika nyumbani, shangazi alikuwa uani na ungo wa mchunga, yale majani pori machungu yanayoota baada ya mvua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hivyo vikombe unavyoosha vina meno?"

"Kazi tu, shangazi."

"Kazi! Kaa hapo, utakula."

Aliyachemsha majani, akayaipua, akamwaga maji yote. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote, sikuwahi kuuliza. Siku ile, labda kwa sababu kichwa changu chote kilikuwa kwenye uchungu, nikauliza.

"Shangazi, mbona unayamwaga? Si ndiyo yenye mboga yenyewe?"

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua. "Mtoto wa Kilosa unaniuliza hilo? Ule na maji yake, utasikia mchunga mpaka kesho kutwa. Uchungu unaotakiwa umeshaingia kwenye jani. Huu mwingine ni wa kwenda zake."

"Lakini si unapotea?"

"Nani kasema unapotea?" Alichukua bakuli la maji yale ya kijani, akaenda nalo bandani, akayanyunyiza chini ya viota. "Utitiri wa kuku hauyapendi haya. Kupotea! Huko Mikumi wanakufundisha nini?"

Kisha akayapika kwa karanga. Nikala. Uchungu ulikuwepo, mdogo, nyuma ya karanga, na kila tonge lilinifanya nitake jingine. Nikaona glasi yangu kichwani: kuta zake zimeshalowa, absinthi inayotakiwa imeshashika, na kijiko kizima kimejaa chini kikingoja kumziba mzee wa watu pua.

Nilitamani kurudi Mikumi siku ile ile. Nilivumilia mpaka treni ya Jumanne.

Jumamosi Mgiriki alikaa kwenye kiti chake. Meneja alisimama mwisho wa kaunta akijifanya anakagua madirisha. Nilimwaga sukari, nikaifuta, nikaanza upya. Kwenye glasi ya kuchanganyia, pamoja na wiski na sukari, matone nikayarudisha yakawa manne, kama yalivyoandikwa. Nikatia kijiko cha absinthi kwenye glasi ya pili, nikaizungusha mara saba, na kabla sijaghairi, nikaipindua.

"Wewe!" meneja akaruka. "Unamwaga nini?"

"Nimeshasuuza, Ndugu Meneja."

"Chupa ni moja nchi nzima, wewe unasuuzia glasi!"

Nikamimina wiski, nikakamua ganda la limau juu yake, mhudumu akaibeba bila neno la utani, jambo lililonitisha zaidi.

Mgiriki alinusa. Akanywa kidogo. Akaiweka glasi mezani, na mimi nikayaona mashuka yote ya hoteli ile, vyumba vyote, yakiningoja. Kisha akaiinua tena, akanywa, akageukia dirisha kutazama tembo, kama mtu ambaye hana tena jambo na kaunta.

Hakugeuka tena mpaka glasi ikaisha. Mhudumu akarudi na glasi tupu, akaisimamisha mbele ya meneja. "Mgonjwa anaomba dozi ya pili."

Meneja aliitazama glasi, akanitazama mimi, akasema, "Basi mwaga," akaenda zake. Habari ya mashuka haikusemwa tena.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia. Sikuwa nimemwaga kwenye sinki. Chini ya kaunta niliweka kikombe cha chai, na absinthi yote niliyopindua Jumamosi ile na zilizofuata ilikusanyika humo. Kilipojaa kiasi nikaanza kujaribu, kwa pua tu: juisi ya nanasi, ndimu, tangawizi iliyosagwa, konyagi, na vijiko viwili vya kile cha kikombeni. Kinywaji kinageuka cheupe kama maziwa, chenye manjano kwa mbali. Hakimo kwenye kitabu chochote. Kichupa cha matone kilipoisha nililoweka maganda ya machungwa na karafuu na gome chungu la mti, mwezi mzima kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na tone lake moja likatosha.

Wageni wanakiagiza kinywaji hicho kwa jina walilokipa wenyewe, Kuku wa Shangazi, maana nilimsimulia mhudumu habari ya maji ya mchunga, naye akawasimulia. Shangazi bado anajua naosha vikombe. Nikienda Kilosa huniuliza kama kuna maji yoyote ya kazini kwetu yanayoweza kufaa kwa utitiri, nami humwambia hapana, ya kwetu tunayatumia yote.