Vigae Juu ya Nta

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Pasiansi, sikukabidhiwa kigae hata kimoja. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, nikidhani fundi wa vigae hupanga vigae. Fundi Mkuu alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akanipa nyundo na tindo.

"Umesoma?"

"Nimemaliza sekondari, mzee."

"Vizuri. Basi iandike sakafu nzima nukta nukta."

Huko ndiko kudonoa: kuipiga sakafu ya zamani vishimo vidogo vidogo ili saruji mpya ipate pa kung'ata. Niliandika nukta siku nne. Shati lile halikurudi kuwa jeupe.

Ninyi vijana mna gundi ya vigae ya mifuko. Enzi zetu, serikali ilipotoa ruksa ya biashara huria na vigae vya mawe vikaanza kuonekana mjini, kila mwenye nyumba alivitaka juu ya sakafu yake nyekundu ya saruji. Sakafu hizo zilisuguliwa nta kila Jumamosi, miaka nenda rudi, na saruji haishiki kwenye nta. "Usipodonoa," alisema Fundi Mkuu, "hujajenga. Umepanga sahani mezani."

Baadaye nilipelekwa Kisesa, chini ya Msimamizi mmoja aliyetembea na pima maji, ule ubao wenye kichupa cha povu, kama fimbo ya utemi. Nilimwiga hata hilo. Safari tu ndiyo iliyonishinda. Kisesa niliiona kama ughaibuni. Ikifika saa tisa, mawazo yangu yalishawasili nyumbani Ilemela na kuvua viatu.

Na nyumbani ndiko nilikoaibika. Mke wangu, mama Kulwa, alikuwa akisemwa kwao: ameolewa na fundi wa vigae, anakanyaga saruji. Mama yake alipotuma salamu kwamba anakuja Jumapili, mke wangu akaniambia, "Baba Kulwa, safari hii mama asikute sakafu hii. Akiikuta, nitaondoka naye."

Ilikuwa Jumatatu. Vigae vya kununua nilivipata, tindo ilikuwapo, nguvu zilikuwapo. Kilichokosekana ni moyo wa kupiga nyundo mahali ninapokuja kupumzika. Nikajiambia nta ya mke wangu ni nyembamba. Nikapanga vigae juu yake bila kudonoa popote. Kufikia Jumamosi sebule iling'aa hata jirani akaja kuchungulia.

Mama mkwe akafika. Kwetu Wasukuma, mwanamume hashikani mikono na mama mkwe wake. Heshima hukaa mbali. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimejibana ukutani, pima maji mkononi kwa maringo. Akaitikia marahaba, akaingia. Hatua ya pili, kigae kikateleza naye kama kipande cha sabuni.

Nikimshika, nimevunja mila. Nisipomshika, amevunjika nyonga. Nikamnyooshea pima maji. Akaidaka ncha ya pili, tukabaki hivyo, povu likikimbia huku na huku katikati yetu.

Alipotulia, akamgeukia binti yake. "Mwulize mumeo, hii sakafu imeiva?"

"Baba Kulwa, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie bado."

Mke wangu akautazama mkoba wake uliokuwa msumarini. Mama yake akamwona. "Wewe, acha mkoba. Niletee kigoda."

Akaketi kibarazani, mlango wazi. Vigae vilibanduka kwa kidole, kama magamba ya sato. Nikaanza kudonoa.

"Mwambie kona ile ameiruka."

"Mama, anakusikia."

"Mwambie anayesikia haruki kona."

Alikuja kwa siku mbili, akakaa wiki mbili, akilala kwa jirani. Nilipomaliza kupanga upya na saruji ikakauka, alivua ndala, akapita kigae kwa kigae akigonga kisigino, akitega sikio kama kuna palipo wazi chini. Mimi na mke wangu tulisimama mlangoni kama watuhumiwa. Alipofika ukuta wa mwisho, akaketi.

"Mwambie mumeo nimechoka kukaa nje. Chai yangu ilete humu ndani."

Nimestaafu sasa. Mafundi vijana wakikutana nami hunitajia kumbi za hoteli walizopanga, kisha huniuliza kazi yangu kubwa ilikuwa wapi. Nawajibu: sebule ya hatua tano kwa nne, Ilemela, na zaidi ya marahaba, mkaguzi hakunisemesha hata neno.