Kabla ya Kimeo Kukatwa

Mdogo wangu alifikisha miaka miwili na nusu bila kusema hata mama. Masikio yake yalikuwa mazima, maana ukifungua kifuniko cha sufuria alikuja mbio hata kama yuko nyuma ya nyumba. Akitaka kitu alikuvuta kidole mpaka kilipo, basi.

Mimi ndiye niliyekuwa naye kutwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Mama alikwenda shamba la kijiji na wenzake, na bibi alikuwa na kazi zake, hivyo mtoto alikaa mgongoni kwangu. Mimi si mwongeaji. Hata mwalimu alipokuwa akiniuliza swali nilijibu nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, majirani wako karibu kuliko tulivyozoea, na kila nilipopita kwenda bombani mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Haya, bubu mkubwa anambeba bubu mdogo." Wenzake walicheka. Mimi niliinamisha kichwa nikapita.

Bibi aliamua mapema. Alisema mtoto ana kimeo kirefu, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na ndicho kinachofunga maneno. Mkataji wa vimeo alikuwa mzee wa kijiji cha jirani, anapita baada ya mavuno. "Uwele ukishapurwa, anakatwa," bibi alisema. Mama hakubisha. Mimi nilikuwa nimewahi kumwona mtoto aliyekatwa, namna alivyoshikwa miguu na kichwa, na damu aliyotema. Sikutaka mdogo wangu ashikwe vile. Nilihesabu nikaona nina miezi minne hivi ya kumfanya aseme.

Nilimpeleka zahanati. Nesi alikuwa mgeni, hajui Kinyiramba. Alimtazama kinywani kwa tochi, akapiga makofi nyuma ya kisogo chake, mtoto akageuka.

"Unaongea naye?" akaniuliza.

Nikaanza kumfunga mtoto mgongoni.

"Nakuuliza wewe, dada. Unapombeba kutwa nzima, unamwambia nini?"

"Simwambii kitu," nikasema.

Akanieleza cha kufanya. Nikae chini ili uso wangu uwe sawa na wake. Nitaje kitu kimoja, ninyamaze, nimsubiri. Na nisimpe kitu mpaka ametoa sauti, hata kama ni mguno. "Ukimpa kabla hajaomba," alisema, "mdomo ataufanyia nini?"

Nilirudi na moyo mkubwa. Kesho yake nikakaa naye chini ya ukuta, nikashika kata yenye maji. "Maji," nikasema. Akanyoosha mkono. Nikaivuta kata. "Maji." Akalia. Nikasubiri kama nilivyoambiwa. Akalia zaidi, akajitupa chini, na bibi akatoka ndani.

"Unamnyima mtoto maji?"

"Nesi amesema asubiri, bibi."

"Nyumbani kwangu mtoto haombi maji kama mpita njia!" Akanipokonya kata, akamnywesha. Mtoto akanywa huku akinitazama juu ya ukingo wa kata, kama mtu aliyeshinda kesi.

Ikawa hivyo kila siku. Nikificha kiazi, bibi anampa kiazi. Nikishika kijiko, mama anasema nisimtese mwenzangu. Kwetu mtoto hupewa kabla hajalia, na anayemsubirisha mtoto kwa chakula huitwa mchoyo. Nilielewa hilo, lakini siku zilikuwa zinakwenda na uwele ulikuwa umeshatoa masuke.

Jioni bibi alikwenda kisomo cha watu wazima. Akirudi alimkalisha mtoto mapajani na kumsomea alichojifunza. "A, e, i, o, u. Unaona? Mimi nina meno mawili na nasema. Wewe unayo yote, unayafanyia nini?" Mtoto alimshika yale mawili na kuyavuta.

Baada ya miezi miwili nilirudi kwa nesi. Nikamwambia hakuna kitu. Akaniuliza nimemfundisha maneno gani. Nikayataja: maji, kikombe, kijiko, meza, kiti. Nilikuwa nimeyachukua kwenye kitabu cha darasa la kwanza.

"Nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kinyiramba."

"Na meza mnayo?"

"Hatuna."

Akaweka kalamu chini. "Sasa dada, hiyo meza atamwomba nani?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilidhani kufundisha ni kwa Kiswahili, kwa sababu shule ilikuwa hivyo, na nesi mwenyewe alikuwa amesema nami kwa Kiswahili. Miezi miwili nilikuwa nimempigia mtoto kelele za lugha ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyemjibu kwayo.

Wakati huo uwele ulikuwa unakomaa na ndege walikuwa wameshuka. Nilipewa kazi ya kuwaamia wasile masuke. Nilikaa juu ya dungu, kichanja cha miti katikati ya shamba, mtoto pembeni yangu, navuta kamba yenye makopo na kupiga kelele. Huko sikuona haya, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunisikia. Nilipiga kelele kwa Kinyiramba, nikawatukana ndege na watoto wao, nikawaambia waende kwao. Siku ya tatu, nilipokuwa nimenyamaza kunywa maji, mtoto alisimama akapiga kelele, "Haaa!" Kundi zima likaruka. Akanigeukia macho yamemtoka, kwa jinsi alivyoshangaa kuwa sauti yake inafanya kazi.

Kuanzia hapo sikuvuta kamba. Ndege wakija, nilitaja jina lao kwa lugha yetu na kusubiri. Masuke mengi yaliliwa katika kusubiri kule, sikatai. Wiki ya pili alilitaja. Alilitaja vibaya, mwisho wake ameumeza, lakini alilitaja, na alipotaka maji aliyaomba kwa jina. Alikuwa na maneno manne uwele ulipovunwa.

Nyumbani hakusema hata moja.

"Mwambie aseme," bibi alisema. Nikakaa chini, nikataja ndege. Mtoto akaficha uso kwenye kanga yangu. Bibi alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote.

Mkataji alikuja asubuhi. Nilimpigia magoti, shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba maji ya moto. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri.

"Bibi, ameshaanza kuongea. Kule shambani."

"Unasema nini? Paza sauti."

Wazee waliokuja kushuhudia wakanigeukia wote. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Maneno yalikuwepo, nayajua yote, na hayakutoka. Mama akaniambia nimshike mtoto miguu. Nikamshika.

Kwa miezi mitatu baada ya kukatwa hakutoa sauti yoyote, hata nilipompeleka juu ya dungu tupu. Mvua zilipoanza akarudia neno la ndege, kisha maji, kisha mengine, na sasa ana miaka sita na hanyamazi hata anapokula. Kijiji kizima kinajua ni kimeo.

Wiki iliyopita yule mwanamke wa bombani alikuja kwa bibi na mjukuu wake mgongoni. Miaka miwili, hasemi. Bibi alianza kumsimulia habari za mkataji. Nikaweka ungo chini.

"Aliongea kabla hajakatwa," nilisema. "Maneno manne. Mimi niliyasikia." Nilisema kwa sauti ile ya kwenye dungu, mpaka kuku wakakimbia.

Bibi alinigeukia.

"Na wewe," akasema, "nani amekukata kimeo?"

Walicheka mpaka mwanamke akajifuta machozi. Kisha akamweka mtoto vizuri mgongoni, akauliza kama mzee yule bado anapita baada ya mavuno au sasa anakuja mapema.