Siku Babu Alipovua Kofia Kibanda Umiza

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, pale Levolosi, niliamini mambo mawili kwa moyo wote: stelingi, yule shujaa wa picha za video, hafi, na babu yangu alikuwa stelingi. Alipigana vita vya Uganda akarudi mzima, na kovu shingoni. Nilijigamba naye shule nzima, hasa kwa rafiki yangu Upendo, ambaye babu yake alikuwa fundi cherehani tu.

Bibi hakutaka kusikia hayo. Kila tulipokwenda kwao kijijini Poli, kwenye kahawa na migomba, alinionya.

"Usimuulize babu yako habari za vita, wala asione damu. Aliyeua vitani huoshwa kimila kwa kondoo kabla hajaingia ndani kwake. Yeye alikataa, akasema ameshabatizwa. Wale aliowaacha kule wanangoja tu waitwe."

Ndiyo maana pale nyumbani hata kuku alichinjwa na jirani. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Bibi huyo huyo aliimba kwaya ya Walutheri kila Jumapili, nikaona anachanganya mambo.

Mwaka huo babu alishuka mjini kutibiwa macho, akakaa kwetu. Jumamosi moja mchana, kibanda umiza cha mtaani, tulikolipa kuangalia picha za video, kiliandika ubaoni kwamba stelingi wetu wa zamani amerudi. Sasa ni mzee, na safari hii anakwenda kuokoa watu kwenye vita vya kweli. Nilitaka Upendo awaone wazee hao wawili pamoja, na onyo la bibi nikalisahau kabisa.

"Babu, twende ukamwone mzee mwenzako anavyopigana."

"Sioni vizuri, mama."

"Utakaa mbele."

Alikubali kwa kunipenda tu. Akavaa koti lake la kanisani na kofia, tukampitia Upendo, tukaenda.

Picha ilianza na taarifa ya habari. Wanakijiji walilala kwenye matope, wamekufa. Watu kibandani walitafuna karanga wakimngoja stelingi. Babu akasogeza uso karibu na televisheni.

"Hawa wanaigiza?"

"Hapana, babu, hao ni wa kweli. Wa kuigiza wanakuja."

Akainuka. Akavua kofia, akasimama wima mbele ya ile televisheni. Kibanda kizima kikapiga kelele.

"Mzee, kaa chini, unatuziba!"

Wengine wakaangua kicheko. Mwenye kibanda akaja mbele amekasirika.

"Huyu mzee ni wa nani?"

Upendo akanitazama. Mimi nikaangalia miguu yangu. Tena nilicheka kidogo, ili nifanane na wenzangu.

Babu aligeuka, akangoja nijibu. Macho yake yalikuwa mabovu lakini alijua nimekaa wapi. Kisha akavaa kofia, akatoka akipapasa ukuta. Mimi nilibaki mpaka mwisho. Stelingi aliua watu wengi sana, na hakufa.

Kesho yake babu alirudi Poli bila kumaliza dawa. Bibi alisema usingizi ulimpotea; alikaa kitandani akisalimiana na watu ambao yeye hakuwaona. Mwishowe babu mwenyewe aliomba kondoo. Akaoshwa, akalala vizuri siku chache, akafariki. Msibani bibi alinishika mkono, akasema, "Nilikuambia."

Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyewaita wale wafu. Leo sijui kama wafu huitwa. Ninachojua ni kwamba siku ile, pale kibandani, babu alikuwa msibani, na kati yetu sote ni yeye peke yake aliyekuwa na adabu. Wala hakuhitaji nimtetee. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu, nikaona aibu ya bure.

Picha yake iko sebuleni kwangu Kisongo, amevaa kofia ile ile. Wageni wakiiangalia, huwajibu hata kabla hawajauliza.

"Babu yangu," nawaambia, na kila mara najikuta nimepaza sauti.