Ya Chuma cha Kawaida

Kibanda cha uani kwa mama kinanuka grisi, na harufu hiyo hunirudisha kwenye duka la vipuri kule Croydon. Baba, aliyetoka hospitali wiki ile, alikuwa akichagua mabomba ya ekzosi ya gari lake kuukuu la Kimarekani. Muuzaji, Mwingereza, aligonga yale yasiyoshika kutu, akasema yatadumu kuliko mwenye gari. Mkalimani nilikuwa mimi, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chai.

"Baba, anasema haya yatakuzika."

Baba alilipangusa lile bomba kwa mkono wa sweta, akalirudisha taratibu.

"Mwambie anipe ya chuma cha kawaida. Yatanitosha."

Hakujaaliwa kuyafunga. Yamo humu kibandani, na mpaka leo hayajaingia kutu.