Kikonyo cha Mpapai na Nyama za Puani

Machinjio ya Vingunguti yana harufu ambayo mie utotoni sikuijua, na hapo ndipo pa kuanzia, ingawa habari yenyewe haihusu ng'ombe. Mama alikuwa akitutuma utumbo, mie na kaka yangu Shabani, tunatoka kwetu Temeke kwa miguu. Tukikaribia tu, Shabani anajifunga shati usoni, machozi yanamtoka, anatema mate njia nzima. Mie napita kifua mbele, mdomo wazi, beseni kichwani. Wachinjaji walinipenda. "Huyu ndiye mwanaume!" wanasema, wananiongezea kipande cha ini, na mie najiona shujaa kweli kweli. Kumbe ushujaa gani! Pua yangu ilikuwa imeziba, sijui harufu ya udi wala ya uvundo, nikilala nakoroma nyumba nzima inanisikia. Bibi alinifunika shuka akanifukiza kwa majani ya mkaratusi, nikatoka jasho kama mbeba magunia, pua ikabaki vile vile. Basi, utumbo tuuache, twende kwenye zumari.

Msimu mmoja wa harusi, alihamia nyuma ya nyumba yetu mpiga zumari tuliyemwita Fundi Kombo, mtu mfupi wa mashavu mapana. Zumari yake ikianza kulia haikatiki. Wewe na mie tukipuliza kitu, tunasimama tuvute pumzi. Yeye anajaza hewa mashavuni, mashavu yanaisukuma nje, na papo hapo pua inavuta nyingine. Alikuwa na zumari mbili, akatangaza kwamba ya pili atampa mtoto atakayeweza kupumua hivyo. Loo! Mtaa mzima tulihamia uani kwake, kila mtoto na bakuli la maji na kikonyo cha jani la mpapai, maana kile kina tundu ndani. Unapuliza, maji yanatoa mapovu, na mapovu yasisimame. Yakisimama umetoka. Niliitaka ile zumari kuliko chakula. Nyimbo zake zote nilikuwa nazo vidoleni, nazipiga juu ya mwiko wa mama. Lakini hewa ya mashavuni ikiisha, navuta kwa pua, hakiingii kitu, nafungua mdomo, mapovu yanakufa.

"Vuta kwa pua, we mtoto!" Fundi anafoka.

"Navuta, Fundi."

"Unavuta nini? Hiyo si pua, hilo ni pambo la uso!"

Ua mzima unacheka, Shabani ndiye wa kwanza. Kesho yake nipo tena na kikonyo kipya. Mpaka jioni moja Fundi akaiweka zumari mikononi mwa Shabani, na mie nikaweka bakuli langu chini, nikaondoka bila kuaga.

Sasa nizeeke na pua hiyo hiyo, nioe, nihamie Mwananyamala, mpaka mke wangu Mwanaidi achoke kukoroma kwangu, anikokote hospitali. Daktari mwenyewe binti, akaniamkia shikamoo, akaniingiza puani kamera nyembamba kama mrija. Nikaiona pua yangu kwenye televisheni, nyama nyekundu zimevimba huku na huku, zimekaa kama utumbo wa Vingunguti!

"Babu, nyama hizi kila mtu anazo," akasema. "Ndizo zinazopasha hewa joto na kuitia unyevu. Zako zimevimba, zimeziba njia. Nitazipunguza kwa upasuaji, ila siziondoi zote. Nikiziondoa zote pua itakukauka."

"Nitaweza kuvuta kwa pua huku mashavu yanapuliza?"

"Unapuliza nini tena, babu?"

Nililazwa usingizi wa dawa, nikaamka pua imejazwa bandeji, kichwa kizito. Zikatolewa, nikawa naisafisha pua kwa maji ya chumvi, yanatoka mabonge ya damu, namlaani Mwanaidi kimoyomoyo. Halafu asubuhi moja, nipo ukingoni mwa kitanda, hewa ikapita. Ya baridi! Mpaka nyuma ya macho!

"Inaingia! Mwanaidi, inaingia!"

"Nini kinaingia, mwizi?"

Nilinusa kitunguu chake kikiungua, nikanusa sabuni, nikanusa na kwapa langu, haya, hilo nalo nilipokee. Nikachuma kikonyo cha mpapai kwa jirani, nikakaa na bakuli. Mapovu hayakusimama.

Harusi ya juzi Temeke, mpigaji alikuwa Shabani, kazeeka na zumari ile ile. Nikamwendea. "Kaka, nipe nipulize."

"Kwa lile pambo?" Akacheka, lakini akanipa.

Nikapuliza. Utotoni nyimbo zote nilikuwa nazo, pumzi sina. Leo pumzi ninayo, vidole vimekakamaa, nyimbo zimenitoka. Ikatoka sauti moja tu, mbaya, kama mbuzi anayeburutwa.

"Mzee, hiyo honi ya lori!" wakapiga kelele upande wa bibi harusi.

Wacheke! Mashavu yanasukuma, pua inavuta, sauti inakwenda. Walicheka mpaka wakachoka, na sauti bado inakwenda. Shabani yeye hakuwa anacheka tena, ananitazama pua. Niliikata mwenyewe nilipotaka, pumzi ikiwa bado ipo. Nikamrudishia zumari yake, nikavaa kandambili, nikatoka kwa mlango wa uani. Waliniita nirudi nile pilau, naisikia harufu yake mpaka barabarani. Sikurudi. Nilikwenda zangu, mdomo nimeufumba.